Nisomee Kwanza

Ilipofika zamu ya kutia madole, Fundi aligundua kwamba yeye mwenyewe hana dole. Kidole gumba alikuwa nacho, tena kinene, lakini alipokibonyeza kwenye pedi ya wino na kukigandamiza juu ya kipande cha karatasi, kilichotoka kilikuwa doa jeusi la mviringo, laini kama kifungo cha koti. Msasa, gundi na vanishi vya miaka yote aliyotengeneza fremu za picha vilikuwa vimeila ile mistari aliyozaliwa nayo. Akajaribu kidole cha kushoto, mambo yakawa yale yale. Akamwita mkewe kutoka uani. Mkewe alikuwa anafulia watu nguo, akaja na povu hadi viwikoni. Akajifuta, akabonyeza, akatoa doa jingine kama la mumewe, dogo kidogo tu.

"Sisi wawili tukiiba benki hatukamatwi," mkewe akasema, akarudi kwenye beseni lake.

Fundi alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Gari la Madam Ukuta lilikuwa linakuja kesho yake asubuhi kuchukua mzigo, na malipo ya mwanzo yalikwisha kugeuka vioo, mbao na kodi ya karakana.

Madam Ukuta si jina alilopewa na wazazi wake. Fundi ndiye aliyembatiza hivyo, kwa kuwa mwanamke yule hakuwa na mazungumzo mengine. Kazi yake ilikuwa kupamba mahoteli na maofisi, na machoni pake ukuta ulikuwa kiumbe hai: ukuta huu unapumua, ukuta ule una huzuni, huu wa tatu lazima uongee. Safari hii alikuwa amepata hoteli mpya ya ghorofa pale juu kilimani, na akaamua kwamba ukuta wa ukumbi wa kulia chakula utaongea historia. Akaenda alikokwenda, akarudi na nakala za mikataba ya enzi za ukoloni, ile ambayo watawala wa zamani waliwekeana na makampuni ya wageni. Akaipiga chapa upya kwenye karatasi nene, kubwa kama mlango wa kabati. Kushoto maandishi ya lugha ya wageni, kulia Kiswahili cha kizamani chenye herufi za kupinda, na chini kabisa muhuri, misalaba iliyochorwa na wapambe, na dole gumba la mtawala mwenyewe.

Kazi ya Fundi ilikuwa kuzizeesha. Alizilowesha karatasi kwenye chai ya rangi iliyopoa, akazianika, akaziunguza kingo kwa mshumaa, akazipigia fremu. Zilikuwa zimekwisha kupita mikononi mwake tangazo la kodi ya kichwa, ramani ya mipaka na sheria ya vibali vya kutembea, zote zikaenda kuning'inia juu ya vichwa vya watu wanaokula. Watu wa ajabu sana, wananunua kiboko walichochapiwa babu zao, wanakitia kioo. Lakini Fundi hakuwahi kuisoma hata moja. Kwake zilikuwa upana na urefu, na vioo vya kukata bila kuvivunja.

Safari hii wapiga chapa waliboronga. Dole la mtawala lilitoka limevimba, halina mstari hata mmoja. Madam Ukuta akapiga simu akasema wageni husogea karibu, wanataka kuliona dole, na dole lisiposhawishi mkataba wote ni karatasi ya kufungia maandazi. Fundi atie madole ya kweli, kila nakala lake. Ndipo Fundi alipojikuta anatazama kifungo cha koti mahali palipopaswa kuwa na kidole chake.

Lakini nyumba ile ilikuwa na dole moja lililobaki.

*

Baba yake Fundi, ambaye nyumba nzima na mtaa mzima ulimwita Mzee, alikuwa ameketi nyuma ya karakana anakunja makaratasi ya kufungia fremu. Alikuwa amevunja mawe machimboni maisha yake yote, na jiwe moja lilimwachia kovu lililokata kidole gumba cha kulia kutoka ukingo hadi ukingo. Mistari ya kidole ilikuwapo yote, kovu likipita katikati yake kama njia ya mkato shambani.

"Baba, naomba dole lako," Fundi akasema, akainyoosha pedi ya wino.

"La nini?"

"La kazi tu. La picha."

Mzee aliweka chini karatasi aliyokuwa anaikunja. Akaitazama ile nakala kubwa iliyotandazwa mezani, akayatazama maandishi yake, kisha akairudisha mikono mapajani.

"Nisomee kwanza," akasema.

Fundi alilijua neno lile tangu utotoni. Lilikuwa sheria ya nyumba. Mzee hakuwahi kukaa darasani, na siku jiwe lilipompasua kidole walimletea karatasi kitandani, wakamwambia ni ya kukiri kwamba ametibiwa. Akatia dole akiwa na bandeji, kwa kidole cha mkono wa pili. Ilikuwa karatasi ya kukiri kwamba hadai kitu. Tangu hapo, iwe risiti, iwe barua ya shule, iwe cheti cha chanjo cha mjukuu, Mzee hakugusa wino mpaka asomewe neno kwa neno. Na msomaji alikuwa mmoja. Alimsomesha Fundi kwa mawe yale yale ili awe na macho ndani ya nyumba. Hivyo ndivyo alivyosema mwenyewe: mwanangu ndiye macho yangu.

Fundi akainama juu ya karatasi. Kwa mara ya kwanza macho yake yaliangalia maneno badala ya kingo. Yalisoma mstari mmoja, yakasoma wa pili, na moyo wake ukashuka. Alijua Mzee akiyasikia hayo, dole halitatoka leo wala mwakani, na kesho gari litaondoka tupu. Angeweza kusema ukweli. Angeweza kwenda kuomba dole kwa kinyozi, kwa jirani, kwa mpita njia. Haya yote alikuja kuyafikiria baadaye, yalipokuwa hayana faida. Wakati ule alichokiona ni njia fupi, na akaipita.

"Sisi wazee tuliotia madole hapa chini," Fundi akasoma, huku kidole chake kikitambaa taratibu chini ya mstari, "tunashuhudia mbele ya watu wote kwamba ardhi hii tumeilinda, kati ya mto na mlima, pamoja na maji yake, tusimwachie mgeni, ili watoto wetu wasije wakakosa pa kulaza ubavu."

Ulimi wake ulikuwa mwepesi hata yeye mwenyewe akaushangaa. Kidole kilifika mwisho wa mstari, kikashuka, kikaanza mwingine, kwa heshima zote za kusoma.

Mzee alikuwa amefumba macho. "Rudia hapo pa watoto," akasema.

"Ili vizazi vyetu visikose pa kulaza ubavu."

"Mwanzo ulisema watoto wetu. Sasa unasema vizazi vyetu."

Fundi alikirudisha kidole mwanzo wa mstari. "Ni Kiswahili cha zamani, Baba. Kinazunguka sana."

Mzee akatikisa kichwa kukubali, kwa sababu mambo ya zamani kweli yanazunguka. Akauliza kama nyingine nazo zinasema hivyo hivyo, akajibiwa zote ni maneno hayo hayo. Basi akajinyoosha mgongo, akafunga kifungo cha juu cha shati, akalitia dole lake. Alizipitia nakala zote, moja baada ya nyingine, akifuta kidole na kukilowesha upya, bila haraka, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeitwa mbele ya mkutano. Madole yalitoka safi, mistari imejipanga, kovu limekaa mahali pake.

Mkewe Fundi alikuwa amesimama mlangoni na beseni la nguo. Naye alisoma shule, na meza ilikuwa karibu. Akaenda kuanika nguo, na jioni wakakaa kula.

"Leo ulisoma vizuri," akamwambia mumewe, akamwekea chakula.

*

Fundi alidhani mambo yameishia pale, kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Mzee alikuwa na jambo la kusimulia, na mtu aliyeishi miaka mingi bila jambo la kusimulia hulitumia kwelikweli. Akaanza kwa majirani. Akafuata kibandani kwa fundi viatu, kisha kwa kinyozi. Kila mahali alinyoosha kidole gumba, akaeleza kwamba dole hili liko katika hoteli kubwa kilimani, kwenye karatasi ya wazee walioilinda ardhi. Akishasema hivyo anaisoma karatasi yote kwa moyo, tangu sisi wazee hadi kulaza ubavu, kama alivyosomewa, bila kuongeza wala kupunguza.

Siku moja Fundi alikwenda kunyolewa. Alipoketi tu na kufungwa kitambaa shingoni, kinyozi akawaambia wenzake kwamba huyu ndiye mwana wa yule Mzee wa ardhi. Mteja wa kiti cha pili akadakia, "Ili watoto wetu wasije wakakosa pa kulaza ubavu." Wakacheka wote, kicheko kizuri cha kumpenda mtu. Kinyozi akasema maneno yale yalimkuna, amemwambia hata mkewe. Fundi alitazama uso wake kwenye kioo na kitambaa kikiwa shingoni, akatamani kinyozi aharakishe. Aliona haya, haya ya kweli. Akatoka hajakumbuka hata kudai chenji yake.

Kilichobaki sasa ni kwenda kuliona. Mzee aliuliza, Fundi akajibu hoteli haijafunguliwa. Ilipofunguliwa, akajibu wanataka watu wenye tai. Mzee akaazima tai kwa fundi viatu. Fundi akajibu mguu wa Mzee hautakiweza kilima kile, na huo ndio ulikuwa ukuta wa mwisho wa kujificha, kwa sababu wiki hiyo hiyo aliingia Shangazi.

Shangazi alikuwa mdogo wake Mzee, mjane mwenye mwili mdogo na sauti kubwa. Baada ya kumaliza kulea watoto alijiandikisha darasa la watu wazima, na tangu alipoanza kuunganisha herufi hakuna maandishi yaliyosalimika. Alisoma mabango, alisoma maboksi ya sabuni, alisoma onyo la nguzo ya umeme mpaka mwisho, kidole kikifuata neno, silabi kwa silabi, kwa sauti, kama anayeita kuku. Mzee alimwambia habari za dole kabla hajavua viatu. Shangazi akasema kesho watakwenda, na kama mguu wa kaka yake hautaki, utabebwa.

"Mwambie kabla hamjatoka," mkewe akamnong'oneza Fundi asubuhi yake, akimpigia pasi shati. "Mwambie wewe. Asije akaambiwa na ukuta."

"Nitamwambia njiani."

Njiani alizungumza juu ya jua. Alizungumza juu ya mashimo ya barabarani. Mara mbili alisema, "Baba," na mara mbili Mzee akaitika kwa furaha ya mtu anayekwenda harusini, na mara mbili Fundi akasema waangalie gari.

*

Mlinzi wa hoteli aliwatazama miguuni kwanza. Fundi akajieleza kwamba ndiye aliyetengeneza picha za ukumbini, mlinzi akaita mtu wa mapokezi, mtu wa mapokezi akaita meneja, na meneja akasema waingie watazame, lakini wasikae kwenye viti, maana viti ni vya wanaoagiza. Mzee alimshukuru. Alikuwa amevaa tai ya fundi viatu na hakutaka kuharibu siku.

Mikataba ilikuwa imepangwa ukuta mzima, kila mmoja na taa yake ndogo juu. Hata Fundi alikiri kimoyomoyo kwamba imependeza. Chini ya ule wa katikati walisimama vijana wanne waliotoka kula, wanapigana picha kwa simu. Mmoja alikuwa ameweka kidole chake gumba kando ya dole la kwenye kioo, amefanya uso wa kijinga, amelegeza mdomo.

"Mzee wa watu kauza mlima mzima kwa kengele," akasema, na wenzake wakaangua kicheko.

Mzee hakuwasikia vizuri, au alisikia na hakuelewa. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kioo, akainama, akaliona kovu lake. Alilitazama kwa muda. Halafu akanyoosha mkono na kugusa kioo kwa ncha za vidole, polepole.

"Hili ni langu," akawaambia wale vijana.

Wakatazamana. Akanyoosha kidole gumba kuwaonyesha, wakasogea, wakalinganisha kovu kwa kovu, wakaona ni kweli, na mzaha wao ukapata uhai mpya. Wakamwomba wapige naye picha. Mzee akajinyoosha, akaweka tai sawa, akasimama katikati yao kidole kikiwa juu kama walivyomwelekeza. Fundi aliyaona yote hayo akiwa hatua chache nyuma.

"Sasa mdogo wangu," Mzee akamgeukia Shangazi, "nisomee. Nyumbani nilisomewa, lakini nataka niyasikie yakiwa ukutani."

"Shangazi, maandishi ni madogo mno," Fundi akasema kwa haraka. "Na ni Kiswahili cha zamani. Utaumiza macho."

"Miwani ninayo," Shangazi akasema, akaitoa mkobani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa. Akaweka kidole juu ya kioo.

"Si-si. Sisi. Tu-li-o-ti-a. Tuliotia. Madole. Hapa chini," akaanza, na sauti yake ikajaa ukumbi. Watu wawili watatu wakageuka kwenye meza zao. Mzee alikuwa amefumba macho, midomo yake ikitangulia maneno. "Kwa hi-a-ri. Kwa hiari yetu. Na bila ku-la-zi-mi-shwa. Tu-me-i-a-chi-a. Tumeiachia. Kam-pu-ni."

Mzee akafumbua macho.

"Ardhi yote," Shangazi aliendelea, kwa kuwa mtu anayesoma silabi kwa silabi haoni anakokwenda mpaka afike. "Kati ya mto na mlima. Pamoja na maji yake. Na watu wake. Mi-le-le. Na kwa hayo tumepokea ma-jo-ra. Majora ya nguo. Na kengele moja. Na viti viwili." Hapo sauti yake ilianza kupungua, lakini kidole kilikuwa kimekwisha kushuka kwenye mstari wa mwisho, na hakuwa amezoea kuacha jambo katikati. "Nasi tu-me-so-me-wa. Tumesomewa maneno haya. Kwa lugha yetu. Na tu-me-ya-e-le-wa."

Akavua miwani. Hakuna aliyecheka sasa, hata wale vijana. Mmoja wao alishusha simu yake akaitia mfukoni. Mzee aliendelea kuutazama mstari ule wa mwisho asioujua, kisha akalitazama dole lake chini yake. Akaukunja mkono wa kulia, kidole gumba ndani ya ngumi, akautia mfukoni mwa suruali.

"Twende nyumbani," akasema.

Walishuka kilima bila mtu kutaja jua. Karibu na nyumbani, pale kwenye kona ya kinyozi, Mzee alisimama. Kinyozi alikuwa ameshainua mkono kumsalimu. Mzee alimpa mgongo, akamtazama mwanawe usoni, naye hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo.

"Siku ile uliponisomea," akauliza, "ulikuwa unasoma wapi?"

Mzee alisubiri kiasi cha adabu, kisha akazunguka kwa njia ya nyuma ili asipite mbele ya kinyozi. Shangazi akamfuata. Hakumtazama Fundi.

*

Kesho yake Fundi alikwenda kwa Madam Ukuta, akamwomba aruhusiwe kuzirudisha nakala zote, atazitengeneza upya kwa gharama zake, kwa dole jingine. Hata doa litatosha. Madam Ukuta alimsikiliza huku anapangua sampuli za rangi. Akasema haiwezekani, maana lile dole lenye kovu ndilo ukuta wenyewe. Wageni wanasimama pale kuliko kwenye dirisha la kutazama mji. Hoteli imelipenda hata wamelitia kwenye vikombe. Akafungua kabati, akampa kimoja kama zawadi. Kilikuwa kikombe cheupe kizuri, na ubavuni limechapwa dole la Mzee, kubwa kuliko la kweli, kovu limekata katikati.

Alikuwa na oda nyingine, ya ofisi ya mawakili. Nayo ilihitaji madole. Fundi akasema Mzee hatakubali tena.

"Si ulimweleza vizuri mara ya kwanza?" Madam Ukuta akasema, bila ubaya wowote, akichagua rangi. "Mweleze tena."

Fundi alitoka na kikombe mkononi. Hakuweza kukiingiza nyumbani na hakuweza kukitupa, kwa sababu lilikuwa dole la baba yake. Alikizika ndani ya gunia la vumbi la mbao kwenye pembe ya karakana, na siku zote zilizofuata alikwepa kutazama pembe ile.

Jioni aliingia chumbani kwa Mzee. Shangazi alikuwa akifunga mkoba wake, safari yake ilikuwa asubuhi. Fundi akapiga magoti sakafuni, mtu mzima mwenye mvi, akasema maneno aliyokuwa ameyapanga tangu mchana, nayo yakamtoka yote ovyo. Alisema gari lilikuwa linakuja. Alisema hakujua. Kisha akasema alijua. Akaomba msamaha.

"Inuka, utachafua suruali," Mzee akasema. "Kusamehe nimesamehe. Wewe ni mwanangu, ningefanya nini? Lakini nikisikia unasoma, nitajuaje?"

Shangazi alifunga zipu ya mkoba, akatoka nje kama aliyesahau kitu uani.

*

Zamani simu ya Mzee ikilia mlio wa ujumbe, aliinyoosha tu alipo, na Fundi akaipokea alipo. Sasa ililia, na Mzee akavaa ndala. Alipita mbele ya mlango wa karakana, akavuka njia, akaenda kusimama kwenye dirisha la duka kungoja wateja waishe, ili mwenye duka amsomee ujumbe wa kampuni ya simu unaosema salio lake ni dogo. Mtaa ulimwona. Mtaa ulijua mwanawe yuko ndani, na taa inawaka. Mkewe Fundi aliona mambo yanazidi, akajitolea yeye kusoma, lakini Mzee alimwambia kwa upole asijisumbue, ana nguo za watu.

Kisha siku moja, mkewe Fundi akiwa amekwenda kupeleka nguo, simu ililia, na Mzee akaja akasimama mlangoni mwa karakana. Mkononi alikuwa nayo. Alisita kidogo. Halafu akainyoosha kama zamani.

"Nisomee," akasema.

Fundi aliweka msasa chini, akajifuta vumbi kwenye suruali, akaipokea kwa mikono miwili. Ujumbe ulikuwa wa Shangazi, umeandikwa bila nukta hata moja. Alisoma taratibu, neno kwa neno, akiogopa hata kukohoa katikati. "Kaka nimefika salama mvua huku inanyesha vizuri mahindi yatakuwa mazuri msalimie sana mwanao mwambie mimi moyoni sina kitu naye akija huku nitampokea asiumie sana alikosea kama watu wanavyokosea."

Neno la mwisho alilirudia, lisije likapotea. Alipoinua macho, Mzee alikuwa anamtazama mdomoni, si machoni.

"Asante," Mzee akasema, akachukua simu yake. Akavaa ndala vizuri, akavuka njia.

Fundi alisogea dirishani. Hakuudhika. Moyo ulimdunda, lakini kwa mara ya kwanza tangu siku ya hoteli ulimdunda kwa matumaini, kwa kuwa hakuongeza neno wala hakupunguza, na maneno ni yale yale, yako pale kwenye kioo cha simu, yeyote atayakuta. Duka lilikuwa limejaa. Mwenye duka alikuwa anapima sukari kwa mkono mmoja na kurudisha chenji kwa mkono wa pili. Aliitupia simu jicho bila kuishika.

"Ni dada yako, Mzee. Anasema amefika salama, mvua inanyesha."

"Hakuna salamu za mtu?" Mzee akauliza. "Za mwanangu?"

"Amefika salama, mvua inanyesha, mahindi mazuri. Ndiyo hivyo tu, Mzee. Nani anataka sukari nusu?"

Fundi alifungua mdomo nyuma ya dirisha. Angeweza kutoka mbio, kuvuka njia, kumshika mwenye duka mkono na kumlazimisha asome hadi mwisho. Akaona watu waliojaa pale dukani watakavyogeuka. Akafikiria uso atakaokwenda nao mbele yao, uso wa mtu anayetaka kuthibitisha kwamba safari hii hakudanganya. Miguu yake haikusogea.

Mzee alirudi bila haraka. Alipofika mlangoni mwa karakana alisimama, akatazama fremu mpya zilizoegemea ukutani, bado tupu, na vumbi la mbao sakafuni. Simu aliitia mfuko wa shati, akaufunga kifungo.

"Zile salamu za shangazi yako," akamwambia mwanawe kwa sauti ya upole kabisa, "ulizisoma vizuri."

Akapita kwenda kukaa mahali pake nyuma, kukunja makaratasi. Fundi akaokota msasa, akaendelea kusugua pembe ya fremu ambayo ilikuwa imekwisha kuwa laini.